Fundi Pimamaji na Meza ya Wakwe

Jina lake halisi wengi wetu hatulijui, na wanaolijua hawalitumii. Tunamwita Pimamaji. Ujanani alikuwa na mazoea ya kuingia nyumbani kwa mtu na, kabla hata hajakaribishwa kiti, kutupa jicho ukutani na kusema, "Ile rafu imelala." Mwenye nyumba anabisha, anakwenda kuazima pimamaji kwa jirani, anaiweka juu ya rafu, na kweli, kile kipovu kinakimbilia upande mmoja. Ulikuwa mchezo mzuri, watu walicheka sana, isipokuwa mwenye rafu.

Mimi nashona makochi. Karakana yetu ni bati moja refu lenye sehemu tatu zisizo na milango. Upande wa barabarani niko mimi na sponji zangu, katikati yuko Pimamaji na mbao zake, na mwisho kabisa, karibu na choo, yuko binti wa marehemu kaka yake. Tumeishi hivyo miaka mingi tukigombana juu ya vumbi. Vumbi lake linaingia kwenye vitambaa vyangu, nyuzi zangu zinaingia kwenye vanishi yake, na kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye anayeonewa. Kwa hiyo nikimsema hapa, mjue namsema mtu ninayemfahamu mpaka kikohozi chake. Tena nampenda, ingawa yeye akiyasikia haya atasema namtafutia ugomvi.

Yule binti alikuja karakana baada ya kumzika baba yake, akiwa tayari mtu mzima. Akasema, "Baba Mdogo, nataka kazi ya mikono." Pimamaji akacheka, akamkabidhi msasa. Binti akasugua mbao za watu mpaka vidole vikatoka malengelenge, wala hakulalamika. Mwishowe akawa seremala, tena seremala mzuri, ila wa namna yake.

Namna yake ni hii: hamwamini mtu, hata yeye mwenyewe hajiamini. Kabla ya kuunga mbao, kwanza anazipanga kavu, bila gundi. Anazitazama, anazigeuza, anazipanga upya. Akiridhika anachukua penseli na kuchora pembetatu moja kubwa inayopita juu ya mbao zote. Baada ya hapo hata ukizichanganya, hata ukiziangusha, hana wasiwasi. Ukiirudisha pembetatu, kila ubao umerudi mahali pake, uso juu, kichwa mbele. Na gundi ikishapakwa, ananyunyiza punje chache za chumvi ya jikoni kwenye kiungo. Gundi mbichi inateleza kama sabuni, ukikaza klempu, vile vibano vya chuma, ubao mmoja unapanda na mwingine unashuka. Zile punje zinauma pande zote mbili, mbao zinatulia.

Pimamaji alipoiona ile chumvi mara ya kwanza, alisimama katikati ya karakana akapaza sauti makusudi tusikie wote. "Mwanangu, hapo unaunga mbao au unaunga mchuzi?"

Tulicheka mpaka machozi, mimi nikiwa wa kwanza. Tangu siku hiyo binti akawa Chumvi, na jina likamganda hata wateja wakalichukua. Yeye alitabasamu tu na kuendelea kukaza klempu zake. Pimamaji akapata la kuwasimulia wageni: fundi wa kweli anaunga kwa jicho, alama ni mkongojo wa vilema, na ukiona mtu anazichorachora mbao ujue hajui anakokwenda. Alikuwa akiyasema hayo Chumvi yupo, hatua chache tu, anasikia.

Sasa niseme habari ya macho. Yalianza kumwacha polepole. Kwanza alilalamikia taa. Akabadilisha balbu, akaweka nyingine kali mpaka mimi huku nikawa nashona nimevaa kofia. Halafu akawalaumu wanaotengeneza tepu za kupimia, eti siku hizi wanachapa namba kwa wino wa kubania. Alikuwa akiishika tepu kwa mkono ulionyooka, kichwa kakirudisha nyuma, kama mtu anayesoma tangazo lililo ng'ambo ya barabara. Siku moja niliingia kwake kuazima nyundo. Nikafungua sanduku la vifaa, na chini ya randa nikakuta miwani imeviringishwa kwenye tambara la kufutia vanishi.

"Ya nani hii?" nikamuuliza.

"Ya mteja."

"Mteja gani huyo anayeacha macho yake kwa seremala?"

Akaninyang'anya, akaiviringisha tena, akaninunia mpaka nikamwomba radhi kwa kosa nisilolijua. Ningeweza kumwambia kwamba watu wa rika letu wote wanavaa miwani, na kwamba mimi mwenyewe natunga uzi kwenye sindano kwa kudra za Mungu. Lakini aliona aibu, na aibu ile haikuwa ya mchezo. Jina lake lote lilijengwa juu ya jicho. Aliogopa kwamba jicho likijulikana limechoka, watu watayafuta na mengine yote aliyowahi kuyafanya, na yeye atabaki mzee wa kukaa kwenye benchi akisimulia.

Mwaka huohuo binti yake wa pekee akaolewa, akaenda kukaa nyumbani kwa mume, pamoja na mama mkwe. Mama huyo ni fundi cherehani wa siku nyingi, ana duka lake chini ya nyumba, na nusu ya mji anaishonea. Si mtu mbaya hata kidogo, lakini ni mtu wa kupima kila kitu. Binti wa Pimamaji alishona pazia la sebuleni kwa nia njema. Asubuhi yake akalikuta limefumuliwa na kushonwa upya, na hakuna aliyesema neno. Alipika, wakala, wakashukuru, na wiki iliyofuata jiko likarudi mikononi mwa wifi. Katika nyumba ile hakuwa na kitu cha kuringia, isipokuwa baba. Basi siku moja wakiwa wanalalamikia meza yao iliyolegea miguu, akaropoka, "Baba yangu atawatengenezea meza ambayo ukimwaga maji hayajui pa kukimbilia."

"Tutafurahi," akasema mama mkwe.

Pimamaji alipoletewa habari hizo alivimba kifua. Akapanda darini akashusha mbao tano nene alizokuwa amezitunza tangu sijui lini, ngumu, nyekundu, zenye mistari ya kupendeza. Kwake haikuwa kazi tena, ilikuwa ni kumpandisha mwanawe katika nyumba ya watu. Chumvi akaja akasimama pembeni. "Baba Mdogo, nikusaidie kukaza? Mbao ndefu hivi mtu mmoja zitamshinda."

"Nenda kaukoleze mchuzi wako," akamjibu, na wateja wawili waliokuwepo wakacheka.

Nilimwona akiifanya ile kazi. Alizipanga mbao kwa jicho, zikapendeza. Hakuchora chochote. Akazishusha azipake gundi, jua la mchana linawaka juu ya bati, gundi inakauka unaitazama, na yeye anahangaika peke yake huku na huku. Katika kuzirudisha, ubao mmoja akaugeuza, tumbo likawa juu na kichwa nyuma, na hakuona. Akakaza klempu kwa hasira. Mbao zikateleza, na ule ubao wa katikati ukainuka kuliko wenzake kwa unene wa sarafu. Hilo nalo hakuliona, mpaka gundi iliposhika, alipopitisha mkono.

Kilichofuata kilikuwa vita. Aliushambulia ule ubao kwa randa, lakini kwa kuwa aliugeuza, nyuzi zake zilikwenda kinyume na za wenzake, na kila randa ilipopita ilinyofoa vipande. Akaziba mashimo kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi. Akapaka vanishi, akapaka tena, akapaka tena. Kwa mbali iling'aa. Kwa mbali hata mimi nang'aa.

Siku ya kuipeleka mimi sikwenda. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe baadaye, kichwa kikiwa chini, na kwa kuwa hakuna hata moja linalomsifu, nayaamini yote.

Waliifikisha kwa gari la mizigo, yeye na Chumvi, wakaipandisha sebuleni, na Chumvi akaingia chini ya meza kukaza skrubu za miguu. Watu wa nyumba wote walikuwepo. Mama mkwe akasogea, akapitisha kiganja juu ya meza, vilevile anavyopitisha juu ya kitambaa akitafuta kasoro. Kiganja kikafika katikati kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaja tena, kikasimama palepale. Binti wa Pimamaji akaona, na akaruka kuleta kitambaa cha meza. "Mama, tutandike tu, chai iko tayari."

"Ngoja kidogo, mwanangu." Hakusema kwa ukali. Akamgeukia Pimamaji. "Mkwe, hapa vipi?"

 Pimamaji akamtazama mwanawe, aliyesimama na kile kitambaa kifuani, uso umemshuka. Na mdomo wake, aliniambia, ukafunguka wenyewe.

"Aa, hii… hii ameunga huyu binti wa kaka yangu. Bado anajifunza. Mimi nilibanwa na kazi nyingine, nikamwachia."

Wote wakainama kutazama chini ya meza. Chumvi akatoka taratibu, magoti yamejaa vumbi, bisibisi mkononi. Akamtazama baba yake mdogo. Halafu akawatazama wengine, mmoja baada ya mwingine.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Mnisamehe."

"Dada, jamani!" binti wa Pimamaji akalia. "Yaani meza ya ukweni kwangu ndiyo ya kujifunzia?"

"Si neno," akasema mama mkwe. "Sote tulianza hivyohivyo. Basi mkwe, hii itatufaa dukani kwa kukatia vitambaa. Hapa tutangoja ya mkono wako mwenyewe."

Wakarudi kwenye gari, watatu kiti cha mbele, Chumvi kati ya dereva na baba yake mdogo, magoti yao yanagusana. Njiani Pimamaji akamsimamisha dereva, akashuka dukani, akarudi na soda moja baridi akampa Chumvi. "Asante, Baba Mdogo," akasema. Akaishika mpaka karakana, akaiweka juu ya rafu yake bila kuifungua. Mimi niliiona pale wiki hiyo na nyingine, ikipata vumbi, nikadhani ameisahau.

Nilikuja kujua kuna jambo kupitia mtu wa pembeni. Mama mmoja muuza vyombo, aliyekuwa amemwagiza Chumvi makabati ya jikoni, alikuja akasimama kwangu badala ya kwake. Alikuwa akinong'ona. "Mwambie nimebadili mawazo."

"Kwa nini? Mbao ameshazikata."

"Nimesikia aliwaharibia wakwe zao meza. Na sikuhadithiwa tu, mimi nashonesha nguo pale dukani, nimeiona. Imepanda imeshuka. Samahani, mwenzangu, jikoni kwangu siwezi."

 Mimi si mtu wa kunyamaza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mdomo wangu umeshonwa kwa uzi mbovu. Nikamfuata Pimamaji pale kwenye benchi lake.

"Ile meza aliunga nani?"

"Punguza sauti."

"Nakuuliza aliunga nani? Mimi si nilikuwa hapa? Si nilikuona unapigana na ubao mchana kutwa?"

Akaweka patasi chini. Akaangalia upande wa Chumvi, ambaye kwa bahati alikuwa nje akianika mbao, ndipo akanisimulia niliyokwisha kuwaambia. Alipofika pale kwenye mdomo kufunguka, akaanza kukwangua gundi iliyokauka kwenye benchi. "Nilitaka kusema mimi," akasema. "Nilifungua mdomo niseme mimi."

"Sasa kwa nini usimwombe radhi?"

"Nitaanzia wapi? Afadhali anichukie, nijue moja."

"Hakuchukii, ndiyo tabu yenyewe. Kila asubuhi anakuja anakuambia shikamoo Baba Mdogo, na wewe unaitikia marahaba ukiutazama msumeno."

Akaichukua tena patasi yake. Lakini kesho yake, Chumvi alipokuja kuamkia, nikamwona mzee anajaribu kumtazama usoni, akashindwa, akautazama msumeno. Chumvi akaenda zake mwisho wa karakana, akazipanga zile mbao za makabati ukutani, mbao zilizokatwa tayari kwa vipimo vya jiko la mtu asiyezitaka tena.

Na meza ya pili ilikuwa ikimngoja. Wakwe hawakumsumbua, binti yake ndiye aliyepiga simu. "Baba, umeanza? Mama ameuliza." Nadhani kama angetukanwa angepata nafuu. Akanunua mbao nyingine. Akavaa ile miwani akiwa ametugeuzia mgongo, akajaribu kwanza kuunga vipande viwili vya taka. Viliteleza. Akajaribu tena, vikateleza tena. Mikono nayo ilikuwa imeanza kumcheza. Akakaa juu ya kigogo, mikono imejaa gundi, hana pa kuifutia, na mimi nikajifanya nahesabu vifungo vya kochi, maana kuna hali ambazo mtu hapaswi kutazamwa.

Halafu akainuka akaenda mwisho wa karakana. Nikasikia kila neno, bati letu halina siri.

"Mwanangu."

"Naam, Baba Mdogo."

"Ile chumvi… huwa unaweka kiasi gani?"

 Nilijua, na Chumvi alijua, na yeye mwenyewe alijua, kwamba hicho sicho alichopaswa kumwambia.

"Punje chache tu," akasema Chumvi hatimaye. "Zikizidi mbao hazikutani." Akafuta mikono. "Nije?"

"Njoo."

Wakazipanga mbao kavu. Zilipokaa vizuri Chumvi hakuchora mwenyewe, alimpa mzee penseli. Nilimwona Pimamaji akiishika ile penseli kama mtu aliyepewa kijiko cha dawa chungu. Akachora pembetatu kubwa, mistari imepinda kidogo kwa kutetemeka, na Chumvi akasema inatosha, haiendi kwenye maonyesho. Kisha akamwonyesha yale yote ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiyafanya huku akichekwa. Vipande vinne vya mbao zilizonyooka, vimezungushiwa nailoni ili visigandwe na gundi, viwili juu na viwili chini ya meza, vimebanwa kwa pamoja ili mbao zikose pa kupandia. Klempu moja chini, inayofuata juu, ya tatu chini, ili meza isijikunje kama jani kavu. Kukaza kuanzie katikati, kidogokidogo, na kila ukikaza upapase kiungo.

Mzee akainama, akakunja uso, akakikodolea kiungo macho.

"Usitazame, Baba Mdogo. Pitisha ukucha. Ukucha unajua."

Akafumba macho. Akapitisha ukucha wa kidole gumba, polepole, akivuka kutoka ubao hadi ubao. "Hapa," akasema. Chumvi akaweka kipande cha ubao juu ya pale, akagonga kwa nyundo ya mti. "Sasa?"

"Bado kidogo."

Akagonga. "Sasa?"

"Sasa."

Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa meza. Siku iliyofuata wakaunga fremu ya miguu, na Chumvi akafunga uzi kwa mshazari kutoka pembe hii hadi pembe ile, akaupeleka pembe nyingine mbili. Ulipolingana pande zote wakajua fremu haijakaa upande. Kufika hapo mzee alikuwa ameacha kutugeuzia mgongo. Alikuwa amevaa miwani yake mchana kweupe. Chumvi akaitazama. "Vioo vina gundi," akasema. "Lete nivifute." Akaivua usoni mwa baba yake mdogo, akaipulizia, akaifuta kwa ncha ya shati lake, akamvalisha.

Pimamaji akaenda nyuma ya karakana akakaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akalaumu vumbi. Laiti Chumvi angemtukana, laiti angeigonga ile nyundo kwa hasira hata mara moja, mzee angepata pa kuanzia. Wema ule ulimfunga mdomo kabisa. Siku zikapita, meza ikakauka, ikapigwa msasa, ikapakwa vanishi safari moja tu kwa kuwa haikuwa na cha kuficha, na yeye alikuwa hajasema lile neno.

Safari hii na mimi nilikwenda, kwa kuwa viti vyao nilikuwa nimevivalisha upya. Chumvi akatusaidia kuipandisha meza mpaka sebuleni, akakaza miguu, akatoka. Akasema anakwenda kukunja kamba. Kamba zilikuwa mbili.

Mama mkwe akaja na kiganja chake. Kikapita mara ya kwanza, kikapita mara ya pili, kikazunguka ukingo wote. Hakikusimama popote. Akacheka kwa furaha, na nikaona kwamba ni mwanamke mwenye uso mzuri akicheka. "Haya ndiyo mambo! Huu ndio mkono wa fundi mwenyewe. Si kama ile ya yule binti, ambayo mpaka leo inanikwaruza vitambaa."

"Si niliwaambia?" binti wa Pimamaji akasema. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, akiwageukia wifi na mume wake. Nilimjua yule mtoto tangu anatambaa kwenye maranda, na sikuwahi kumwona amenyanyuka namna ile. "Si niliwaambia kuhusu baba yangu?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Alichokitaka mzee tangu mwanzo alikuwa nacho mkononi, mwanawe amepanda katika nyumba ya watu. Angenyamaza tu, chai ingemiminwa, tungekunywa, tungeondoka. Akanitazama. Mimi nikaanza kunyoosha kitambaa cha kiti ambacho hakikuwa na kasoro. Ulimi wangu ulikuwa mlangoni kabisa, lakini halikuwa langu lile neno.

"Mama," akasema Pimamaji, "ile ya kwanza niliiunga mimi."

"Baba, acha kumfunika dada," binti yake akacheka.

"Simfuniki. Yeye hakuigusa, isipokuwa miguu. Niliiharibu mimi kwa mikono yangu, macho yangu yamechoka, sioni tena vizuri, nikaona aibu, nikamsingizia. Na hii mnayoisifu, aliyejua kuiunga ni yeye. Mimi nilishikishwa tu."

Akatoa miwani mfukoni akaiweka juu ya meza. Hakuna aliyeomba kuiona. Binti yake akakaa kitako, kile kidevu kikashuka, na wifi akatazama dirishani kwa heshima. Mama mkwe akapitisha tena kiganja juu ya meza.

"Na yeye yuko wapi?" akauliza.

"Nje. Anakunja kamba."

"Sasa haya unatuambia sisi kwa nini? Sisi umetudanganya, ni kweli, lakini sisi hujatuvunjia jina. Kamwite."

Akatoka. Tulisikia ngazi ikilia chini ya miguu yake, kisha nyayo za watu wawili. Chumvi akaingia, akasimama karibu na mlango akijifuta mikono kwenye suruali. Mzee akasimama mbele yake, na safari hii alimtazama usoni.

"Mwanangu, nilikusingizia mbele ya hawa watu. Na ukweli nimewaambia haohao. Nisamehe."

Binti yake naye akainuka, machozi yanamtoka. "Na mimi, dada. Nilikufokea. Nisamehe."

Chumvi akaacha kujifuta mikono. Nilidhani atasema yameisha, kama watu wote wanavyosema, ili chai imiminwe.

"Baba Mdogo, wewe nilikusamehe palepale," akasema. "Nilikuona ulivyoogopa. Mtu akiogopa anashika chochote kilicho karibu, na mimi nilikuwa karibu." Sauti yake ilikuwa ya chini, lazima usogee kuisikia. "Hilo halikuniuma sana. Ila nilipotoka chini ya ile meza niliwatazama wote. Nilikuwa natafuta hata mmoja wa kusema, 'Aliharibu huyu? Hapana, huyu kazi yake tunaijua.' Mdogo wangu, sisi tumekua pamoja. Kitanda unacholalia humu ndani nilikiunga mimi. Na hakuna aliyeshangaa."

Mama mkwe akamvutia kiti, akamwambia, "Kaa, mwanangu." Akakaa, mikono mapajani. Na sisi wote tukabaki tunaitazama meza, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtazama yeye.